Kuhusu baba yako, kuni, na lile uliloniuliza

Mwanangu mpenzi,

Salamu kutoka huku Benet, kwenye mlima Elgon. Ujumbe wako wa sauti niliusikiliza nikiwa peke yangu ghalani, nikaurudia, kisha nikaamua kukuandikia. Jambo hili tukiliongea kwenye simu mtandao utakatika katikati, nawe utabaki na nusu ya maneno yangu. Umeuliza hivi: siku zile za mwezi wa saba, mvua ikitufungia jikoni kutwa nzima na baba yako amenuna, nilikuwa namwogopa au nilikuwa nimemzoea tu? Ukaongeza kwamba mume wako naye ameanza kununa, na hujui ni wapi mke anavumilia na ni wapi anaangamia.

Kumwogopa, hapana. Kumzoea nako bado. Mpaka leo akianza malalamiko kabla ya chai, nachoka moyo. Lakini nilikuwa nafanya kazi fulani ambayo mtoto aliyeketi pembeni ya jiko hawezi kuiona. Yeye anaona mama amenyamaza, basi.

Baridi yetu unaijua, ingawa nahisi Kampala imeanza kukusahaulisha. Mimi ni mtu wa Tororo. Babu yako alikuwa mfanyakazi wa reli, nyumbani tulisema Kiswahili, na usiku tulilala madirisha wazi kwa ajili ya joto. Nilipoolewa huku, zaidi ya mita 2,000 juu, nilistaajabu kuona watu wamevaa sweta na blanketi mwezi wa nane. Ukungu unashuka kutoka Elgon kabla ya saa sita, mvua inaufuata, mara nyingine mvua ya mawe, na kuanzia hapo hakuna shamba, hakuna soko, hakuna kuanika mahindi. Mnabaki nyote na kuku wenu kwenye chumba kimoja chenye moto. Mume mgumu, siku ya jua, anachukua jembe au fimbo anakwenda zake, na ugumu wake anautembeza huko. Siku ya baridi anauketisha hapo hapo ulipo.

Na ugumu wa baba yako ulikuwa kwenye kuni. Akihesabu. Nikisukuma ukuni ndani ya jiko, yeye anauvuta nje kidogo. Nikifunika sufuria, anauliza nani amesema ifunikwe. Maharage yakichelewa kuiva, kosa ni langu kwa sababu nimewasha moto mdogo. Yakiwahi, kosa ni langu kwa sababu nimemaliza kuni. Alikuwa na neno moja lililoniuma kuliko yote: kwamba watu wa chini hawajui moto. Alilisema mbele ya mama yake, alilisema mbele yenu.

Basi nikaamua kuujua moto. Sikutaka kumshinda. Nilitaka niwe na mahali pangu pa kusimama ndani ya nyumba hiyo. Nilijifunza kwamba mkaratusi upasuliwe ukiwa mbichi, maana ukikauka shoka linaruka. Nilijifunza kwamba mti uliokatwa leo unaweza kuwa na maji karibu nusu ya uzito wake, kwa hiyo moto wako unaanza kwa kuchemsha maji yaliyomo ndani ya ukuni kabla ya kuchemsha yaliyomo kwenye sufuria. Unapata moshi na machozi, joto hulioni. Nikawa napanga kuni chini ya paa la banda tangu kiangazi cha Desemba, zilizopasuliwa, zikipitiwa na upepo, ili mwezi wa saba niwe na kuni kavu. Baba yako akawa bado anahesabu, lakini akawa anahesabu kuni zilizokaushwa na mimi.

Kisha nikataka jiko la udongo na matofali lenye bomba la bati la kutolea moshi, kwa sababu wewe ulikuwa unakohoa kila usiku. Akakataa. Akasema moshi ndio unaolinda mahindi ya mbegu yasiliwe na fukusi. Mwanangu, hapo alikuwa na haki, na nakuambia hivyo kwa sababu mtu mgumu si mjinga. Mahindi tuliyoyaning'iniza juu ya mafiga hayakuguswa na mdudu. Nikamwambia: mafiga yabaki kwenye kibanda cha zamani kwa ajili ya mbegu zako, na jiko la bomba lijengwe kwa ajili ya kifua cha mtoto wangu, kwa pesa ya viazi vyangu. Hakusema ndiyo. Fundi alipokuja, baba yako alitoka akaenda kukaa kwa jirani mpaka jioni. Aliporudi alilizunguka lile jiko, akagonga bomba kwa kidole, akasema litaziba masizi. Litaziba kweli usipolisafisha. Tangu siku hiyo yeye ndiye anayelisafisha, na hajawahi kumwachia mtu mwingine kazi hiyo.

Sasa nikueleze kuhusu kuhesabu kwake, ujue kulikotoka. Baba yako alizaliwa juu kabisa, kwenye mbuga za mlimani, watu wake wakichunga ng'ombe na kukusanya miti iliyoanguka yenyewe. Huko hakuna aliyehesabu kuni. Mwaka 1983 serikali ilitenga hekta 6,000 ili watu waliokuwa wakiishi msituni wahamie, naye alikuwa kijana mdogo akishuka na familia yake. Mwaka 1993 msitu ukawa hifadhi ya taifa. Mahakama Kuu ilitambua mwaka 2005 kwamba Wabenet ni wenyeji wa tangu zamani wa sehemu zile, na siku alipoisikia habari hiyo redioni alikaa kimya mpaka giza likaingia. Kitu alichokuwa akikiokota bure mlimani kikawa kitu cha kupanda, kungojea miaka, au kununua kwa mzigo sokoni. Anaposhika ukuni anashika yote hayo. Nilipolielewa hilo niliacha kudhani kwamba ananichukia.

Lakini sikiliza hapa, kwa sababu ndipo wanawake wengi tunapopotea. Kuelewa kwa nini mtu ni mgumu hakumpi ruhusa ya kukufanya lolote. Nilimwelewa, na bado kulikuwa na mambo ambayo nilimkatalia.

Nilipokuwa na mimba ya mdogo wako, baridi ilikaza vibaya. Baba yako akataka tuingize sigiri ya makaa chumbani, tufunge mlango na dirisha, tulale na joto. Nikasema hapana. Makaa yakishakolea hayatoi moshi, ndiyo maana watu wanayaamini, lakini yanatoa hewa ya kaboni monoksaidi isiyo na harufu wala rangi. Inakaa kwenye damu mahali pa oksijeni. Kichwa kinauma, usingizi unakuwa mzito, na aliyekwisha kulala haamki kukwambia kwamba kichwa kinamuuma. Katika Uganda hii hii familia zimelala na sigiri zikakutwa asubuhi zimekufa. (Wewe pia, Kampala ikinyesha na umeme ukikatika, sigiri isilale ndani. Nakuomba.)

Nikasimama mlangoni na tumbo langu nikamwambia sigiri haipiti hapa. Alisema maneno mengi. Alisema nimemfanya mtoto ndani ya nyumba yake. Akalala ameelekea ukutani, na siku zilizofuata akawa anapitisha maneno kwenu: mwambieni mama yenu hivi, mwambieni mama yenu vile. Wewe ulikuwa mjumbe, huenda unakumbuka.

Ila sigiri ilibaki nje. Hakunisukuma. Hakungoja nisinzie ndipo aiingize. Hakunizuilia pesa ya kliniki, hakuwaita ndugu zake waje kuniaibisha. Baadaye nilimkuta juu ya ngazi anaziba kwa magunia nafasi iliyo kati ya ukuta na mabati, upepo usije kitandani kwangu. Samahani hakuisema, nami sikuingojea.

Hapo ndipo nilipomjua mtu niliyeolewa naye. Kununa kwake hakukuwa kumenifundisha kitu, maana mtu anaweza kununa akawa mwema na mwingine akatabasamu akawa nyoka. Nilimjua kwa yaliyotokea baada ya mimi kusema hapana. Usiku ule nililala usingizi wangu wote karibu na mtu aliyenikasirikia, na mwili wangu haukukaa macho kujilinda naye.

Furaha pia ilikuwepo, nisikufiche, ingawa haikuwa ya kila siku. Agosti 12, 2012, Jumapili ya baridi, tulikuwa tumeizunguka redio jikoni Stephen Kiprotich akikimbia marathoni ya Olimpiki kule London. Mtoto wa Kapchorwa, wa mlima huu. Alipochukua dhahabu baba yako alinishika mikono miwili akanizungusha mbele ya mama yake, kisha akajaza kuni jikoni mpaka bomba likaanza kunguruma, na hakuhesabu hata mmoja. Ugumu wake ulirudi kesho yake. Lakini nilikuwa nimeuona upande ule, na ninaukumbuka kwa shukrani.

Sasa ya kwako. Umesema mume wako ananuna, na kununa peke yake nisingekuandikia barua ndefu hivi. Lakini katika ujumbe wako umesema mambo mawili kwa haraka, kama mtu anayepita mahali asipotaka kutazama. Umesema siku hizi ukinunua kitu sokoni unakificha. Na umesema kadi yako ya benki anakaa nayo yeye. Halafu ujumbe wote, mwanangu, ulikuwa unanong'ona. Ndani ya nyumba unayoilipia kodi.

Simhukumu. Sijaketi jikoni kwenu. Ila nataka ufanye jambo moja: mwambie unaitaka kadi yako. Usimwambie ukiwa na hasira wala usiku wakati amechoka. Mwambie mchana, kwa maneno machache. Kisha utazame. Akibisha, akinuna, akaitupa mezani wiki ijayo, una mume mgumu, na tutaongea jinsi ya kuishi na mtu mgumu, kwa sababu hilo ninalifahamu. Lakini kama kulisema tu hilo kunakutetemesha, kama tayari unatafuta mlango ulio karibu, basi jibu umeshalipata na usimwambie kitu. Funga mzigo wako mdogo uje.

Mashangazi watakwambia mwanamke ni uvumilivu. Nawaheshimu, lakini hawatalala kitandani kwako. Sheria ya Ukatili wa Majumbani ya mwaka 2010 haikuandikwa kwa ajili ya kipigo peke yake; inataja pia mateso ya maneno, ya akili, na ya kumnyima mtu pesa. Unaweza kuanzia hata kwa LC, baraza la mtaa wako, mahakama yao imepewa nguvu ya kusikiliza kesi hizo, au uende kituo cha polisi uulize dawati la familia na watoto. Akikupiga, usipitie kwa LC. Nenda polisi moja kwa moja, na uende hospitali wakuandikie.

Najua pia unafikiria ng'ombe wa mahari. Ulikuwepo walipohesabiwa, na unaona haya kwamba baba yako atadaiwa. Jambo hilo lilikwisha mahakamani. Shirika la MIFUMI kutoka Tororo kwetu lilipeleka kesi mpaka Mahakama ya Juu, na mwaka 2015 majaji wakaamua kwamba kudai mahari irudishwe ndoa inapovunjika ni kinyume cha katiba. Hakuna ng'ombe anayekushikilia huko.

Nilizungumza na baba yako. Sikumsimulia yote, ni yako kuyasema. Nilimwambia tu kwamba huenda ukaja, na kwamba sijui utakaa muda gani. Akauliza mambo matatu: kama utakuja na mtoto, kama unakohoa bado, na kama nimetenga kuni za chumba cha wageni. Nikamwambia chumba cha wageni hakina jiko. Akasema atalala yeye huko, wewe na mtoto mlale upande wa jikoni kwenye joto. Asubuhi alikuwa ameshahamisha blanketi lake, na alikuwa ananilaumu kwamba mto ni mgumu.

Nimekutumia nauli kwenye simu, kwa namba ile ya rafiki yako wa kazini, siyo yako. Ukiamua kusafiri, panda basi la asubuhi ufike Kapchorwa kukiwa na mwanga. Mvua za jioni zinaharibu njia ya kupandia huku, na bodaboda wanakataa kupanda gizani. Chukua kitambulisho chako, cheti cha kuzaliwa cha mtoto, na vyeti vyako vya ualimu. Vingine vyote vinanunulika. Kama hutasafiri, nipigie Jumamosi ukiwa shuleni, uniambie ulipoitaja kadi ilikuwaje.

Mama yako