Kuhusu mwenzake Chiku

Mwanangu mpenzi,

Salamu nyingi. Unauliza kama umnunulie kasuku wetu Chiku mwenzake, maana tangu bibi yako atutoke amepunguza kula na ananyonyoa manyoya ya kifua. Hilo nitalifikia. Kwanza niambie, leo asubuhi alikuwa na gramu ngapi?

Kasuku huficha ugonjwa, na manyoya hufunika ukondefu. Mpime kila asubuhi, akishatoa kinyesi cha kwanza na kabla hajala. Weka kijiti cha kusimamia juu ya mizani ya jikoni, irudishe kwenye sifuri, kisha apande. Andika. Kasuku wa kijivu wa gramu 450 akipungua 45 usingoje, mpeleke kwa daktari wa mifugo anayejua ndege. Kumwona anachezea mbegu si ushahidi kwamba anakula, kwani huzimenya akaziangusha. Tazama karatasi ya chini ya tundu: kinyesi kikiwa kichache, kidogo, cha kijani kilichokolea, tumbo ni tupu. Na hayo manyoya usiyaite huzuni kabla daktari hajaangalia ini, vimelea na upungufu wa vitamini A, ambao huwapata sana wanaolishwa mbegu tupu.

Nimesema siku zote, kasuku aliyefiwa hataki kubembelezwa, anataka ratiba. Tundu libaki pale pale, bakuli zile zile, chakula saa zile zile, giza na utulivu kwa muda wa saa 10 hadi 12 kila usiku. Keti hatua mbili kutoka kwake, ubavu ubavu, usimkazie macho. Soma kwa sauti. Kila ukipita dondosha kipande cha lozi bakulini, wala usisimame. Akianza kukusogelea, mpe kwa mkono kupitia kati ya vyuma vya tundu. Akijikunyata au akirudi nyuma, umeharakisha. Rudi kwenye bakuli.

Unakumbuka babu yako alipofariki? Kila magharibi Chiku alikohoa kikohozi cha babu, kisha akaita "Umerudi?" kwa sauti ile ile, na wageni wakalia. Tukamfunika kitambaa, tukamweka chumba cha nyuma. Tulisema tunamhurumia. Hapana, tulikuwa tunajihurumia sisi. Yeye alikuwa akiita kama ndege wa kundi wanavyoitana ili kujua mwenzao yuko wapi, na hakuna aliyemjibu. Akanyamaza, na ndipo manyoya ya kwanza yalipoonekana sakafuni. Linaniuma hadi leo.

Sasa ataita kwa sauti ya bibi. Itakuchoma, najua. Mjibu. Piga mluzi, au sema neno moja fupi, lile lile kila mara, hata ukiwa chumba kingine. Ratiba, mwanangu, hata katika kujibu.

Haya, mwenzake. Pengine angemfaa, kasuku ni ndege wa kundi. Lakini ndege mgeni hukaa chumba mbali siku 30 hadi 45 na kupimwa magonjwa, kisha tundu lake peke yake, kwa sababu huweza kumng'ata mwenyeji vidole. Na kelele mpya nyumbani wakati huu, kwa ndege asiyekula? Ulimi unaniwasha kukukataza. Sitakukataza, wewe ndiye unayeishi naye. Niletee kwanza uzito wa siku saba, ndipo tuzungumze.

Mama yako