Maikrowevu Ikizima Ghafla, Usikubali Haraka Kuambiwa Imekufa

Juzi msomaji mmoja kanitumia ujumbe: "Dada, maikrowevu ilikuwa inapasha vizuri tu. Nimefungua mlango kabla haijamaliza, ikazima jumla. Haina taa, haina saa, hailii. Fundi kasema ndiyo basi tena, ninunue nyingine. Unanishaurije?" Nimemjibu, ila jibu limekuwa refu, na najua wengi wenu mko kwenye biashara ya chakula kama mimi, kwa hiyo naliweka hapa lote.

Ya kwangu ilizima hivyo hivyo, saa saba mchana, oda za maofisini zimejaa mezani. Mimi napika alfajiri, mchana kazi ni kupasha na kufungasha. Nikafungua mlango nigeuze pilau huku sahani bado inazunguka, nikasikia "tap" moja ndogo huko ndani, kimya. Siku hiyo nilihangaika na jiko la gesi na sufuria, wateja wakala wamechelewa, wengine wakanisema kwenye grupu. Hayo tuyaache.

Fundi niliyeelekezwa na jirani akaja jioni. Alichomeka plagi, akabonyezabonyeza, akagonga kava kwa vidole, akatoa hukumu: "Magnetroni imeungua, na bodi nayo imeondoka. Laki na nusu." Magnetroni ndiyo inayotoa mawimbi ya kupasha chakula, bodi ndiyo inayoendesha vitufe na saa. Hajafungua hata skrubu moja! Nilipomuuliza amejuaje, akachungulia nyuma yangu: "Mama, mzee yupo tuongee naye?" Kisha akasema kama hela hakuna, yeye ataichukua kwa elfu ishirini, atajua mwenyewe pa kuipeleka.

Jamani, mimi nina cheti cha VETA cha umeme wa majumbani. Nilikisotea, enzi hizo darasani wasichana tukihesabika, na maisha kunipeleka jikoni hakujakifuta. Nikampa nauli yake, nikafunga geti. Bado likinijia lile swali la mzee yuko wapi, nasonya.

Sasa tuelewane. Maikrowevu kukosa nguvu kuko kwa namna mbili na watu wanazichanganya. Kuna inayowaka taa, sahani inazunguka, feni inavuma, ila chakula kinatoka baridi. Hiyo mara nyingi ugonjwa wake uko upande wa umeme mkubwa: magnetroni, dayodi, kapasita, transfoma. Ipime kwa robo lita ya maji ya bomba, dakika mbili, moto wa juu kabisa. Yakitoka ya uvuguvugu tu, kuna tatizo. Ila usipime saa mbili usiku tu wakati mtaa mzima umewasha, pima na asubuhi, maana umeme ukishuka sana chini ya volti 230 hata mashine isiyo na tatizo inapasha kivivu. Ikithibitika, mpelekee fundi, mimi hapo sina maneno mengi.

Inayozima kabisa ni kesi nyingine. Magnetroni kuungua hakuzimi saa moja kwa moja. Saa ikizima maana yake umeme umekatika njiani kabla ya kufika kwenye bodi, au bodi yenyewe imepigwa umeme uliporudi kwa kishindo. Basi fuata njia. Chomeka pasi kwenye soketi hiyo hiyo uone kama inapata moto. Fungua plagi ya miguu mitatu, mle ndani kuna fyuzi ya ampea 13, ipime. Na hizo ekstensheni nyembamba za kuchajia simu tuachane nazo: maikrowevu iliyoandikwa wati 800 inavuta kama wati 1,200 ukutani. Pima kwanza, ndiyo ushauri wangu. Mita ya kupimia umeme ya bei rahisi, ile inayolia njia ikiwa haijakatika, inatosha kabisa.

Ikishindikana huko nje, jibu liko ndani ya kava, na hapa naomba mnisikilize. Kapasita ya maikrowevu, kile kifaa kinachohifadhi umeme, inafanya kazi kwenye volti zaidi ya 2,000, na inaweza kubaki na chaji hata baada ya kuchomoa plagi. Kwa kawaida huwekewa rezista ya kuinyonya, lakini rezista nayo hufa. Kama hukufundishwa kuitoa chaji, kava usiliguse. Na fundi ukimwona anaingiza mkono bila kuishughulikia kapasita kwanza, mwambie arudishe kava aende zake, utamwokoa.

Mimi nilifungua, kapasita nikaitoa chaji kama nilivyofundishwa. Fyuzi nikaikuta pale umeme unapoingilia: ya kauri nyeupe, kofia yake ya chuma imeandikwa 8A 250V. Ya namna hii huwezi kujua kwa jicho kama imeungua kwa sababu si ya kioo. Nikaipima, mita kimya: imeungua.

Mafundi wengi wangeishia hapo: weka fyuzi mpya, pokea hela, ondoka. Mimi niliiweka nikijua inaweza kuungua tena, nilichotaka ni kuona inaungua wakati gani hasa. Nikarudisha kava, nikachomeka, saa ikawaka. Nikaingiza kikombe cha maji, kikapata moto. Sahani ikiwa inazunguka nikafungua mlango. "Tap." Nikacheka peke yangu jikoni kama chizi.

Kwenye maikrowevu nyingi mlangoni kuna swichi ndogo tatu zinazobonyezwa na ndoano za mlango. Mbili kazi yake ni kukata umeme mlango ukifunguka. Ya tatu ni mlinzi wa hizo mbili: swichi iliyotakiwa kukata ikinasa, mlinzi anapiga shoti makusudi ili fyuzi iungue na mashine ife pale pale, isiendelee kuwaka mlango ukiwa wazi. Kwa hiyo fyuzi inayoungua ukifungua mlango imetimiza wajibu wake. Halafu anatokea mtu anaizungushia nyuzi za shaba "ili isisumbue". Huyo anakutolea ulinzi jikoni kwako, mbele ya watoto wako, na hela unamlipa. Msikubali hata kama ana haraka, hata kama anasema wenzake wote wanafanya hivyo. Mnaosema fyuzi ni fyuzi tu, acheni.

Nikazipiga picha nyaya kwa simu zisije zikanichanganya, nikazitoa swichi, nikapima moja moja. Ya kwanza nzima. Ya pili nikaibonyeza, mita ikalia. Nikaiachia, yenyewe ikatoa sauti yake ya "tak" vizuri kabisa, lakini mita ikaendelea kulia. Chuma za ndani zilikuwa zimeshikana kwa moto. Ukiisikiliza kwa sikio ni nzima, ndiyo maana nasema pima.

Nilibadilisha hiyo pamoja na ya mlinzi, kwa sababu mlinzi ndiye aliyebeba shoti zote, na humwamini tena baada ya hapo. Fyuzi na swichi zote kutoka Kariakoo hazikufika hata elfu kumi na tano. Laki na nusu, eti!

Msomaji wangu, na wewe unayemtuma fundi spea, swichi za zamani ziende dukani mkononi. Zinafanana umbo, lakini nyingine zikibonyezwa zinaunganisha, na nyingine zikibonyezwa zinakata. Ya mlinzi ni ile inayokata ikibonyezwa. Ukiletewa ya kuunganisha ukaifunga mahali pake, shoti itapigwa mlango ukiwa umefungwa, na fyuzi mpya itaondoka mara tu ukibonyeza kuwasha. Zipimeni pale pale kaunta kabla ya kulipa; muuzaji akinuna, duka la pili liko jirani.