Kwa anayeanza kupima umeme wa seli-nywele za kifaranga

Mdogo wangu unayeingia maabara, kabla hujarekodi volteji yoyote, andika daftarini mambo mawili: seli-nywele, yaani seli ya sikio la ndani inayogeuza sauti kuwa umeme, imetolewa sehemu gani ya ukanda wa kusikia ambamo seli hizo zimejipanga, na maji iliyomo yana joto kiasi gani. Bila hayo, kipimo chako hakisomeki.

Ukanda wa kusikia wa kifaranga una urefu wa milimita chache tu na seli-nywele kama 10,000. Seli za upande wa ncha zinapokea sauti nzito, za upande wa shina sauti nyembamba. Seli ndefu ndizo zinazopeleka habari nyingi ubongoni. Anza na hizo.

Wengi hukimbilia kuishikilia volteji ili wapime mikondo. Mimi nakushauri uanze kinyume: sukuma mkondo mdogo ndani ya seli, kisha iache volteji ijiendee. Katika seli yenye afya haipandi ikatulia palepale. Hupanda, hushuka, hupanda tena, ikififia kama uzi wa gambusi uliokwanyuliwa. Crawford na Fettiplace waliyaona haya kwa kobe mwaka 1981. Fuchs, Nagai na Evans wakayaonyesha kwa kifaranga mwaka 1988. Volteji ikipanda, chaneli za kalsiamu, yaani vijilango kwenye utando wa seli, hufunguka. Kalsiamu inayoingia hufungua chaneli kubwa za potasiamu zilizo jirani. Potasiamu hutoka na volteji hurudi chini, kisha mzunguko huanza upya. Kasi ya mzunguko huo ndiyo sauti ambayo seli inaichagua.

Joto lina nguvu kuliko unavyodhani. Mwili wa kuku una nyuzi 41 hivi, chumba chako labda 22. Chaneli zikipoa huchelewa, na seli ileile huonekana ya sauti nzito zaidi. Usilinganishe namba zako na za mtu mwingine kabla ya kuangalia joto lake.

Angalia pia ulivyoitenganisha seli. Papaini, kimeng'enya cha utomvu wa papai, hulegeza tishu vizuri sana, lakini mwaka 1998 Armstrong na Roberts walionyesha kwa chura kwamba utenganishaji wa namna hiyo hubadilisha tabia ya umeme ya seli. Ukiweza, rekodi seli zikiwa bado kwenye ukanda wake. Ni kazi ngumu, utando unaofunika seli kwa juu unasumbua, ila matokeo yake nayaamini zaidi.

Na pipeti, kijibomba cha kioo unachorekodia, ya siku za mwanzo iwe na potasiamu. Ukiweka sesiamu, inayoziba chaneli za potasiamu, utaona mikondo ya kalsiamu vizuri, ila ule mtetemo wa volteji hutauona kabisa.