Viungo 300 vya kununua havitakupandisha

Ndugu, nimekuelewa: umenunua viungo (linki) 300 kwenye tovuti za wengine vya kuleta watu kwenye tovuti yako, na Google bado imekuacha ukurasa wa tano wa matokeo. Fungua msimbo wa kurasa vilipowekwa, utafute rel="nofollow" (alama ya kuiambia Google isikihesabu kiungo) au "sponsored" (kimelipiwa). Vyenye alama hizo havina madhara, ila usitarajie vikubebe. Visivyo nazo ndivyo vya kuogopa: kiungo cha kulipiwa kisichotangazwa kinavunja kanuni za Google, na unaweza kushushwa. Omba viondolewe, mimi kuwaandikia wenye tovuti kulinila wiki nzima. Halafu unganisha makala zako zenyewe kwa viungo, maneno ya kubonyeza yataje kilichomo, si “bonyeza hapa”. Ukikuta onyo la adhabu kwenye Search Console, zana ya Google ya wenye tovuti, tafuta mtaalamu.