Je, tanzia ni lazima mtu afe?

Swali: Mwalimu wetu wa fasihi anasema tanzia ni tamthilia ambayo shujaa wake ni mtu mkubwa na mwishoni hufa. Lakini gazetini naona "TANZIA" juu ya picha ya marehemu yeyote. Nani yuko sahihi? Na ajali ya basi, nayo tuiite tanzia?

Jibu: Gazeti halijakosea. Tanzia ni taarifa ya kifo, na wahakiki wa fasihi waliliazima neno hilo kwa ajili ya jukwaa. Likaja na harufu yake ya msiba, ndiyo maana wengi wanaamini pasipo jeneza hakuna tanzia.

Hebu tazama Mfalme Edipode, tamthilia ya Mgiriki Sophocles ambayo Samuel Mushi alitutafsiria. Anayejinyonga ni Jocasta, mkewe mfalme. Oedipus mwenyewe, ndiye huyo Edipode, hujitoboa macho, akabaki hai. Na hiyo ndiyo tamthilia ambayo mwanafalsafa Mgiriki Aristotle, katika karne ya 4 KK, hakuchoka kuitolea mfano. Tena mahali pamoja anasifu zaidi kisa cha mtu anayekaribia kumuua nduguye bila kumjua, kisha akamtambua kabla mkono haujashuka. Hapo hafi mtu.

Alichosisitiza ni hamartia, yaani kosa linalomwangusha shujaa. Vitabu vya shule huiita "kasoro ya mhusika", kana kwamba ni maradhi ya tabia: kiburi, wivu, tamaa. Siipendi tafsiri hiyo. Kwa Wagiriki neno hilo lilihusu pia mshale usiopata shabaha, na sisi tuna bahati, maana kitenzi chetu "kukosa" kinabeba yote mawili, kutopata shabaha na kutenda kosa. Oedipus aliwakimbia waliomlea ili asije akamuua babake, na huko njia panda akamuua babake halisi, asimjue. Alikosa.

Habari ya ukubwa ina mizizi, kwani hata Aristotle alitaka mtu mwenye jina. Lakini Ulaya ya zama za kati ilizidisha: kwa yule mtawa msimulizi katika hadithi za mshairi Mwingereza Chaucer, mwishoni mwa karne ya 14, mkubwa akianguka tu inatosha, awe amekosa au hakukosa. Mwaka 1731 George Lillo akampandisha jukwaani London kijana mwanagenzi wa mfanyabiashara. Mwaka 1949 Arthur Miller akamleta mchuuzi Willy Loman, na akaandika makala kumtetea mtu wa kawaida.

Kwetu, Kinjeketile wa Ebrahim Hussein (1969) si mfalme, ni mganga. Neno lake kuhusu maji linakua hadi linamshinda nguvu. Akiwa mikononi mwa Wajerumani anatakiwa alikane, anakataa, ingawa imani yake mwenyewe imekwisha tikisika. Ukiishia kwenye "shujaa anakufa" umeacha nusu ya tamthilia.

Ajali ya basi iite ajali, au maafa ikiwa imeua wengi. Ila kama dereva alijua breki ni mbovu, akaondoka hivyo hivyo kwa sababu mwanawe amerudishwa nyumbani kwa kukosa ada, mwandishi wa tanzia ana pa kuanzia.