Maswali na Majibu: Mtaa Mkongwe Unapopangwa Upya

Barua nyingi tulizopokea safari hii zinatoka katika mitaa ya zamani ya Dar es Salaam, ile iliyopimwa wakati wa ukoloni kwa ajili ya nyumba za chini za vyumba sita na ambayo leo imezungukwa na barabara za mwendokasi, maduka ya jumla na ghorofa zinazoongezeka kila mwaka. Tumechagua maswali sita. Majina ya waulizaji tumeyaacha kwa sababu baadhi yao wamo katika mazungumzo na wawekezaji au na halmashauri, na hatutaki majibu haya yawaharibie.

Nina nyumba ya Kiswahili Ilala niliyoachiwa na marehemu baba. Mwekezaji anataka nitoe kiwanja, yeye ajenge ghorofa nane, na mimi nipewe sakafu mbili. Wanangu wananihimiza nitie saini. Nifanyeje? (Mzee, Ilala)

Shikamoo mzee wangu. Ubia wa namna hii ndio uliobadili sura ya Kariakoo, hasa baada ya mpango wa uendelezaji upya wa mwaka 2002 kuruhusu majengo marefu katika viwanja vilivyopimwa kwa nyumba za chini. Wapo wenye nyumba walionufaika kweli, wakapata sakafu zao na fremu za maduka za kukodisha. Wapo pia waliohamia Mbagala au Chanika kusubiri jengo liishe na mpaka sasa wanaendelea kusubiri.

Swali la kwanza halimhusu mwekezaji, linaihusu familia yako. Unasema umeachiwa nyumba na baba, lakini je, mirathi ilifunguliwa mahakamani na msimamizi akateuliwa? Kama ndugu zako wana sehemu yao, saini yako peke yako haitoshi, na atakayekuja kushitaki baadaye atakuwa ni mpwa wako wala si mtu wa mbali. Kama nyumba ni ya familia unayoishi na mkeo, ridhaa yake ya maandishi inahitajika pia.

La pili ni hati. Usikubali hati ya kiwanja ihamie kwa jina la mwekezaji kabla ya ujenzi, hata akikueleza kwamba benki ndiyo inayotaka hivyo. Iko sheria ya mwaka 2008 inayowezesha kila sehemu ya jengo kuwa na hati yake, na mkataba wenu uitaje: sakafu zipi ni zako, zina ukubwa gani, zitapewa hati lini, na nani atagharamia lifti, pampu ya maji na ulinzi baada ya jengo kukamilika. Sakafu mbili za juu kabisa hazina thamani sawa na fremu za chini zinazotazama barabara, na mara nyingi mwenye nyumba hupewa zile za juu. Omba angalau sehemu ya sakafu ya chini. Omba pia kodi ya nyumba utakayohamia kwa muda wote wa ujenzi, na tarehe ambayo mkataba utavunjika kama kazi haijaanza.

La tatu, ambalo wanao hawatalipenda kwa kuwa linachelewesha mambo, ni usalama wa jengo lenyewe. Tarehe 29 Machi 2013 jengo lililokuwa likijengwa katikati ya jiji liliporomoka na kuua watu 36. Tarehe 16 Novemba 2024 jengo jingine likaanguka Kariakoo na kuua watu zaidi ya 20. Dai nakala ya kibali cha ujenzi, jina la mkandarasi aliyesajiliwa na bodi yake, na jina la mhandisi atakayesimamia. Kama mchoro una sakafu ya chini ya ardhi, uliza jinsi ukuta wa jirani utakavyoshikiliwa wakati wa kuchimba. Mwekezaji anayekasirishwa na maswali haya amekwisha kukujibu.

Nimepanga chumba Magomeni kwa miaka mingi, na barazani napika chakula cha mchana kwa mafundi. Tumesikia nyumba yetu itavunjwa ili mtaa uendelezwe. Mpangaji ana haki gani? (Mama lishe, Magomeni)

Mama, jibu la kweli ni kwamba sheria inakuona kidogo sana. Sheria iliyokuwa ikidhibiti kodi za nyumba ilifutwa mwaka 2005, na tangu hapo ulinzi wa mpangaji umebaki katika mkataba wake. Kama mkataba wako ni wa mdomo, ulioanza kwa kulipa kodi ya miezi sita na kuendelea hivyo hivyo kwa miaka, anza leo kuomba uandikwe, na tunza risiti zote.

Kama mwenye nyumba anajenga mwenyewe au kwa ubia, anachotakiwa kukupa ni notisi na salio la kodi uliyolipa mbele. Kama serikali ndiyo inayotwaa eneo, fidia ya ardhi na jengo humwendea mwenye mali. Kanuni za fidia za mwaka 2001 zinatambua pia faida ya biashara inayopotea, ambayo hukokotolewa kwa miezi 36, lakini kanuni hizo hizo zinataja hesabu zilizokaguliwa pale zinapohitajika, na ni mama lishe gani mwenye hesabu zilizokaguliwa? Daftari la mauzo ya kila siku, kitambulisho cha mjasiriamali na barua ya serikali ya mtaa inayoonyesha umefanya biashara pale tangu lini havitoshi kukupa uhakika, ila vinampa mthamini, yaani anayekadiria fidia, kitu cha kuandika. Bila hivyo, katika orodha yake baraza lako ni saruji tu.

Hapa mipango mingi ya mitaa mikongwe inaharibikia. Nyumba moja ya Kiswahili ina ukumbi katikati, vyumba pande zote mbili, na jiko na choo uani. Huenda ina mwenye nyumba mmoja na kaya tano za wapangaji. Mtaalamu wa mipango miji anayekwenda na ramani ya viwanja humwona mtu mmoja kwa kila kiwanja, hupanga kwa ajili yake, kisha hushangaa kuona kaya nyingine zimehamia bondeni Jangwani au pembezoni mwa jiji ambako nauli ya kurudi kazini inakula nusu ya kipato. Mkutano wa mtaa ni wa wakazi, si wa wenye nyumba peke yao. Nendeni mkiwa wengi, na mdai idadi ya wapangaji iandikwe katika muhtasari.

Shikamoo mwandishi. Kwa nini mitaa yote ya zamani isivunjwe ikajengwa kama Magomeni Kota? Pale watu sasa wanaishi kwenye ghorofa nzuri. (Kijana, Temeke)

Marahaba. Magomeni Kota ni mfano unaostahili kusomwa vizuri, maana unaonyesha pia kwa nini hauwezi kunakiliwa kila mahali. Ardhi ile ilikuwa ya umma, nyumba zilikuwa za umma, na kaya zilizokuwa zikiishi pale zilikuwa na orodha: kaya 644. Hakukuwa na mamia ya hati za watu binafsi wala mirathi za kusuluhishwa. Hata hivyo, baada ya nyumba za zamani kuvunjwa, kiwanja kilikaa kitupu kwa miaka huku wakazi wametawanyika. Mwaka 2016 Rais Magufuli aliagiza kijengwe na kuahidi kwamba wakazi wale wangeishi miaka mitano bila kodi, kazi ikafanywa na Wakala wa Majengo, na mwaka 2022 Rais Samia akazizindua nyumba hizo. Kilichowaokoa wakazi ni ile orodha, kwa kuwa jengo lilipokamilika ilijulikana ni nani wa kurudi.

Sasa chukua mtaa wako wa Temeke wenye wamiliki mmoja mmoja. Kuuvunja wote kwa pamoja kunahitaji fidia kwa wote, makazi ya muda kwa wote, na fedha za ujenzi kabla ya shilingi moja ya kodi kuingia. Ng'ambo, sehemu ya mji wa Zanzibar iliyo nje ya Mji Mkongwe, inalo somo hilo. Mpango ulioandaliwa mwaka 1968 na wataalamu wa Ujerumani Mashariki ulitaka nyumba za zamani ziondolewe na mahali pake pajengwe majengo marefu ya ghorofa. Yale ya Michenzani yalijengwa na yangali yamesimama, lakini mpango wenyewe haukukamilika, na sehemu kubwa ya Ng'ambo ikabaki na nyumba zake za chini ambazo kwa miaka mingi hazikuwa na mpango wowote wa kuziboresha. Mtaa uliosubiri kuvunjwa haukarabatiwi, kwa kuwa hakuna anayepaka rangi nyumba aliyoambiwa kwamba itaondoka.

Mimi ni mjumbe wa serikali ya mtaa. Tunataka kuanza mpango wa kuuhuisha mtaa wetu lakini hatuna fedha wala mtaalamu. Tuanzie wapi? (Mjumbe, Keko)

Anzeni na maji, majisafi na majitaka pia, kabla ya kitu kingine chochote. Ghorofa nane zinazochukua nafasi ya nyumba ya vyumba sita huleta vyoo vingi katika bomba lile lile, na Kariakoo, ambayo ni miongoni mwa maeneo machache ya jiji yenye mtandao wa majitaka, imejionea jinsi majengo yanavyoweza kukua bila mabomba kukua nayo. Mitaa isiyo na mtandao hutegemea mashimo na magari ya kunyonya, na gari halifiki pale ambapo jirani amejenga hadi mpakani. Tembeeni mtaa mzima mvua za masika zinaponyesha, mwandike maji yanasimama wapi, mtaro gani umezibwa na nani, na ni nyumba zipi ambazo gari la zimamoto haliwezi kuzifikia. Kazi hiyo haihitaji mtaalamu.

Kisha hesabuni watu, nyumba kwa nyumba, pamoja na wapangaji, wauzaji wa barazani na mafundi waliokodi uani. Huko Ng'ambo, katika muongo uliopita, idara ya mipango miji ya Zanzibar na washirika wake Waholanzi waliandaa mpango mpya uitwao Ng'ambo Tuitakayo kwa kuanza na wakazi wenyewe: wapi watu hukutana, wapi kuna mabaraza, viwanja vya mpira na kumbi za starehe, nyumba zipi zina historia. Orodha ya namna hiyo ikiwa mkononi, mtaalamu atakapokuja hataanza na karatasi tupu.

Fedha ni swali gumu zaidi, na sitajifanya kwamba nguvu za wananchi zinatosha. Zinatosha kwa baadhi ya mambo. Hanna Nassif, huko Kinondoni, katika miaka ya 1990 wakazi walijenga mitaro na barabara za ndani kwa mikataba ya kijamii, wakisaidiwa na Shirika la Kazi Duniani na wafadhili wengine, na wakalipwa kwa kazi waliyoifanya. Bomba kuu la majitaka haliwezi kujengwa hivyo. Hilo ni la mamlaka ya maji na halmashauri, na kazi yenu ni kuliingiza katika vipaumbele vya kata kabla bajeti haijafungwa. Peleka barua kwa afisa mipangomiji wa manispaa, na uombe nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa.

Mimi ni mwanafunzi wa usanifu majengo. Je, kuna haja ya kuhifadhi chochote katika mitaa hii, au uhifadhi ni wa Mji Mkongwe wa Zanzibar na Bagamoyo tu? (Mwanafunzi, Dar es Salaam)

Ipo haja, ingawa si kila nyumba kuukuu ni urithi. Soko kuu la Kariakoo, lililosanifiwa na Beda Amuli na kufunguliwa mwaka 1975, lina paa la miavuli ya zege linalokusanya maji ya mvua. Lilipoungua Julai 2021 uamuzi ulikuwa kulikarabati na kujenga jipya kando yake. Nadhani ulikuwa uamuzi sahihi, na ungekuwa mgumu zaidi kama jengo lisingejulikana kuwa kazi ya msanifu wetu wenyewe. Kwa nyumba za kawaida ningependekeza usihangaike na kuta zilizokwisha kuliwa na chumvi. Pima uwiano: upana wa barabara, baraza inayoungana na njia ya wapita kwa miguu, ua unaopitisha hewa. Mchoro mpya unaweza kuvihifadhi hivyo hata katika jengo la ghorofa nne, na hakuna sheria ya mambo ya kale itakayokulazimisha, kwa hiyo itabidi umshawishi mteja.

Nyumba yangu ilithaminiwa na kuwekwa alama ya X ya kubomolewa. Muda unapita, hatujalipwa, na tumeambiwa tusijenge chochote. Tuendelee kusubiri? (Mwenye nyumba, Dar es Salaam)

Hapana, msisubiri kimya. Chini ya sheria ya uthamini ya mwaka 2016, uthamini wa fidia una uhai wa miaka miwili. Ukipita huo bila malipo, mali inapaswa kuthaminiwa upya. Malipo yakichelewa zaidi ya miezi sita tangu uthamini kuidhinishwa, riba huanza kuhesabiwa. Kwa hiyo tafuteni kwanza tarehe ya kuidhinishwa kwa uthamini wenu, ambayo ndiyo msingi wa hesabu yote, na nakala ya fomu mliyosaini. Andikeni barua moja ya pamoja kwa mkurugenzi wa manispaa, nakala kwa Mthamini Mkuu wa Serikali, mkitaja tarehe hiyo na kuuliza maswali matatu tu: fedha zimetengwa katika bajeti ya mwaka gani, uthamini mpya utafanyika lini, na je, mnaruhusiwa kukarabati paa linalovuja wakati mnasubiri. Swali la tatu linaonekana dogo, lakini jibu la maandishi kwamba mnaruhusiwa kukarabati litawalinda msije mkaambiwa baadaye kwamba mabati mapya yaliwekwa ili kupandisha fidia.