Usikereze hiyo pini, mkuu. Pima kwanza

Mkuu, weka chini kopo la rangi.

Umeandika kwamba umepata plau la diski tatu lililotumika, trekta lako ni dogo la nguvu ya farasi 35, na unauliza rangi gani inadumu, diski zibadilishwe zikifika wapi, beringi zikaguliwe vipi na pembe ya diski iwekweje. Halafu kule chini kabisa, kama jambo la kupitia tu, ukaongeza kwamba pini za plau ni nene kidogo kuliko matundu ya mikono ya trekta, ile mitatu ya nyuma inayobeba zana, na fundi atakukerezea zipungue. Niliposoma hapo niliinuka kwenye kiti. Hayo mengine yote yanaweza kusubiri. Hilo la pini ndilo litakalokuvunjia trekta.

Najua kwa sababu trekta langu lilikuwa la farasi 35 hizo hizo. Plau la diski tatu, pini nene, fundi mwenye mashine ya kukereza. Aliyeniuzia plau aliniangalia usoni akasema linaingia trekta lolote. Nikaamini. Nikatumia wiki mbili kuondoa kutu, kubadilisha diski moja iliyopasuka, kupaka rangi mbili juu ya praima. Lilipendeza kweli. Siku ya kulifunga, pini hazikuingia.

Sasa sikiliza vizuri. Mikono ya trekta na pini za zana vina saizi zake, zinaitwa kategoria. Matrekta madogo kama letu ni kategoria 1: pini za mikono ya chini ni milimita 22, pini ya mkono wa juu ni 19, na umbali kati ya mabega ya pini mbili za chini (bega ni pale pini inapoanzia kwenye fremu) ni milimita 683. Kategoria 2 ni ya matrekta makubwa zaidi: chini 28, juu 25, na umbali ni 825. Plau langu lilikuwa kategoria 2. Kwa maelezo uliyoweka, na lako ni hivyo hivyo.

Mimi niliona tofauti ya milimita 6 kwenye unene wa pini nikadhani hiyo ndiyo shida yenyewe. Sikupima umbali. Kutoka 683 hadi 825 ni milimita 142, na hiyo hakuna mashine ya kukereza duniani itakayokuondolea. Maana yake kila mkono unalazimishwa kutanuka nje zaidi ya milimita 70. Mikono yangu ilitanuka hadi minyororo ya kuzuia kuyumba ikawa inasugua tairi kwa ndani. Nikailegeza minyororo. Hata hapo sikushtuka.

Fundi naye akakereza pini kutoka 28 hadi 22. Nilimuuliza kama hazitakuwa dhaifu. Akanijibu, "Bosi, chuma ni chuma." Miaka imepita na maneno hayo bado yananichoma, kwa sababu mtu anayekereza vyuma kila siku alipaswa kujua. Nguvu ya pini kukinza kupinda haipungui kidogo kidogo kama unavyodhani. Inakwenda na kipenyo kilichozidishwa chenyewe mara tatu. Gawa 22 kwa 28 unapata 0.786. Zidisha hiyo yenyewe kwa yenyewe mara tatu, inabaki 0.485. Yaani kwa milimita 6 tu ameondoa zaidi ya nusu ya nguvu.

Na kabla mtu hajaja kuniambia kuwa trekta za kategoria 1 zinatembea na pini za 22 kila siku bila kukatika: ndiyo, zinatembea, kwa sababu pini hizo zinabeba zana za saizi yao. Yangu ilikuwa inabeba plau lenye fremu nzito ya trekta kubwa, na mikono ikiwa imepinda kwenda nje inavuta kwenye ncha ya pini badala ya karibu na bega. Zaidi ya hapo, pini nyingi za aina hii zimekomazwa ngozi ya juu ili zisilike, na ukikereza unaitupa hiyo ngozi chini pamoja na vumbi la chuma. Na pale unene wa 28 ulipokutana na wa 22 fundi aliacha kona kali, imekatwa wima kama ngazi. Ufa wowote wa chuma hupenda kona ya namna hiyo. Ungeanzia wapi pengine?

Ilichukua siku tatu za kulima. Siku ya tatu jioni nimefika mwisho wa mstari, nimenyanyua plau, nageuza. Nikasikia mlio mmoja mkavu. Pini ya kushoto imekatika pale pale kwenye kona. Plau zima likaangukia upande huo likining'inia kwa pini ya kulia na mkono wa juu. Diski ya mbele ikapasua tairi la nyuma. Mkono wa kulia ukapinda. Na mkono wa juu, ambao umeumbwa kuvutwa na kusukumwa kwa mstari ulionyooka, ukavutwa kwa ubavu, ukang'oa kishikizo chake na kupasua bodi ya nyuma ya trekta.

Hiyo bodi ni chuma cha kumimina. Ndani yake, kwenye trekta langu, mafuta ya gia na ya haidroliki ni yale yale, na yote yalimwagika shambani. Mtu wa kuchomelea akaja akapachomelea pakiwa baridi, kwa fimbo za kawaida za chuma laini, bila kupasha moto kwanza. Pakapasuka tena kando ya mshono kabla sijamaliza kulifurahia. Ikabidi bodi nzima itafutwe nyingine na trekta lifunguliwe katikati. Msimu wa kulima ukapita nikiwa natazama shamba la jirani likigeuzwa udongo.

Na sikuwa mzembe, tafadhali. Grisi nilipaka, bolti nilikaza, pini za kufungia zilikuwa mpya. Namshukuru Mungu hakuna mtu aliyekuwa amesimama nyuma. Kijana wangu huwa anasimama pale kuangalia kina cha mtaro. Jioni ile alikuwa ameenda kuchukua maji. Nikikumbuka hapo, habari ya bodi naiona ndogo.

Kwa hiyo chukua kalipa na futi, sasa hivi. Pima pini mbili za chini, pima ya juu, pima umbali kati ya mabega ya zile za chini. Kisha pima matundu ya mikono ya trekta lako.

Kama ungekuwa na kinyume chake, yaani pini nyembamba na tundu kubwa, unavalisha bushi ya chuma, kijibomba cha kuongeza unene wa pini, na mambo yanakwenda. Hilo halina ubaya. Pini nene na tundu dogo ni habari nyingine kabisa. Kuna mabano ya plau, yaani vyuma vinavyoshika pini kwenye fremu, ambayo pini zake zimefungwa kwa nati, zinatoka, na unaweza kupata pini za kiwandani za kategoria 1 za kuweka mahali pake. Lakini hata hapo lazima mabano yenyewe yasogezwe ndani hadi umbali uwe 683, na uzito wa plau uwe ndani ya uwezo wa haidroliki yako ulioandikwa kwenye kitabu cha trekta. Langu nilikuja kulipima baadaye, kilo 380. Lilipokuwa juu, usukani ulikuwa mwepesi mno mkononi, nami nikaona ni raha. Kumbe magurudumu ya mbele yalikuwa yanagusa ardhi kwa shida.

Ulichouliza cha beringi ni rahisi: shika diski juu na chini, itikise. Ikicheza, fungua, safisha, tazama kama roli zina mashimo. Kama hazina, kaza tu na ujaze grisi mpya.

Lakini usianze na beringi. Kama aliyekuuzia bado anapokea simu zako na plau bado halijapakwa rangi, lirudishe, uchukue la diski mbili la kategoria 1. Akikataa, weka hapa vile vipimo vinne, na picha ya mabano upande wa ndani nione kama pini zina nati au zimechomelewa. Na huyo fundi mwambie asiwashe mashine hadi ulete hivyo vipimo.